Je, Mwenye Dawa ya Kuosha Amepata Ruhusa ya Kuchafua?

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu ya Amma alipokuwa mtoto, na ambaye sasa amehitimu elimu ya kemia katika chuo kikuu. Alikuja na suala. Kampuni moja ya mafuta ya ng'ambo imemwita kazini, kwa mshahara ambao baba yake hakuupata, wala babu yake. Kazi yenyewe ni ya maabara: kutafuta dawa ya kunasa hewa ya ukaa itokayo katika mitambo, isipande angani. Akaniuliza, "Maalim, kazi hii ina kheri?" Mama yake ni mjane na paa la nyumba yao linavuja; hayo nayajua, kwani ni majirani zangu. Nikamjibu papo hapo, "Mwanangu, kuondoa dhara ni kheri. Nenda."

Akashukuru, akainuka. Alipofika mlangoni akageuka akasema, "Lakini Maalim, hewa hiyo wakishainasa huisukuma chini ya ardhi ili yatoke mafuta zaidi." Kisha akaenda zake.

Neno lile lilinikesha. Niliona kuwa nimelijibu suala kabla ya kulijua, na mwenye kuulizwa hana ruhusa ya kujibu asichokijua, hata ikiwa muulizaji ni mtoto wake. Asubuhi nikamwita tena. Nikamtaka anieleze habari yote tangu mwanzo, mimi niwe mwanafunzi na yeye awe mwalimu. Haya ninayoyaandika, ndugu msomaji, ni matokeo ya mazungumzo yetu ya siku kadhaa, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye. Na ni marejeo yangu juu ya jibu langu la kwanza.

HEWA YENYEWE

Hewa ya ukaa, ambayo wataalamu huiita kabonidioksidi, si kitu kiovu kwa asili yake. Kila mmoja wetu huitoa puani katika kila pumzi. Miti huila ikafanya majani na matunda. Lau si hewa hii, hapangekuwa na mnazi wala mhogo. Dhara lake limo katika kipimo. Na jambo hili si geni kwetu: chumvi ni ladha ya chakula, lakini ikizidi, chakula chote humwagwa.

Kabla ya viwanda vya Ulaya kuanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi, katika kila sehemu milioni moja za hewa ya anga, sehemu 280 hivi zilikuwa za hewa hii. Mwaka 1958 Mmarekani mmoja, Charles Keeling, alianza kuipima juu ya mlima wa Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, akakuta sehemu 315 hivi. Leo zimepita 420. Nayo kazi yake ni kuzuia joto la ardhi lisitoke, mithili ya mtu aliyejifunika blanketi la pili usiku wa kaskazi.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuambiwa na mtu wa mbali matokeo yake ni yapi. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe yakafa, na palipokufa matumbawe samaki walihama. Tena bahari yenyewe hunywa kiasi cha robo ya hewa hii inayotolewa na wanadamu, na kila inapoinywa huongezeka uchachu, na uchachu huwadhuru viumbe wajengao magamba yao kwa chokaa. Basi mvuvi wa ngalawa, ambaye hajapata kumiliki mtambo wowote, hulipa deni asilolikopa. Hapa ndipo jambo hili linapotoka katika elimu ya kemia likaingia katika elimu ya haki.

CHUMVI ILIYO KIMIMINIKO

Kuitenga hewa ya ukaa na hewa nyingine si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1930 Mmarekani aliyeitwa Robert Bottoms alipata hati ya uvumbuzi wa njia ambayo bado yatumika. Dawa ziitwazo amaini huchanganywa na maji, zikanyunyizwa kutoka juu ya mnara, huku moshi ukipanda kutoka chini. Dawa huishika hewa ya ukaa na kuziacha hewa nyingine zipite. Kisha dawa ile huchemshwa kufika nyuzi 120 hivi, nayo huiachia hewa iliyoishika. Hewa hukusanywa, na dawa hurudi mnarani kufanya kazi ile ile.

Njia hiyo ina taabu zake. Katika mchanganyiko huo sehemu kubwa ni maji, kiasi cha asilimia 70, na moto mwingi huteketea kwa kuyachemsha maji ambayo si yaliyokusudiwa. Dawa yenyewe hufuka, huharibika, na hula chuma. Katika mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kunasa hewa kwa njia hiyo huweza kula karibu robo ya umeme unaozalishwa. Ni kama mtu aliyeajiri mchukuzi wa gunia la mchele, naye akataka robo ya gunia kuwa ujira wake.

Ndipo wataalamu walipozigeukia chumvi za namna ya peke yake, ziitwazo vimiminiko vya ayoni. Chumvi ya jikoni imefanywa kwa chembe mbili, moja ya chanya na moja ya hasi, na chembe hizi hushikana kwa nguvu na kujipanga vizuri, hata haziyeyuki mpaka zipate moto wa nyuzi 800 hivi. Lakini ikiwa chembe moja ni kubwa na umbo lake halina mpango, haziwezi kujipanga. Kijana wangu alinipigia mfano huu: ukipanga machungwa katika kapu hutulia, ukichanganya machungwa na kaa wenye miguu, hayapangiki kamwe. Chumvi ya namna hiyo hubaki kimiminiko hata katika joto la chumbani. Paul Walden, aliyekuwa akisomesha Riga, alieleza chumvi kama hiyo mwaka 1914. Iliyeyuka kwenye nyuzi 12 tu. Watu wengi hawakuishughulikia kwa muda mrefu.

Mwaka 1999, Joan Brennecke wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, pamoja na wenziwe, walitangaza kuwa hewa ya ukaa ikishindiliwa huingia kwa wingi katika kimiminiko cha namna hii, ilhali kimiminiko chenyewe hakitoki kuifuata hewa. Hili ni jambo kubwa, kwa sababu dawa isiyofuka haipotei wala haichafui hewa iliyotengwa. Mwaka 2002, James Davis na wenziwe katika Chuo Kikuu cha South Alabama wakaifunga amaini katika chumvi yenyewe, ikawa chembe mbili za chumvi hushika chembe moja ya hewa. Baadaye, mwaka 2010, ilielezwa namna nyingine ambayo kila chembe ya chumvi hushika chembe moja ya hewa. Wengine wametengeneza chumvi iliyo kavu, ambayo huyeyuka inapoishika hewa na kuganda inapoiachia, hata ule moto wa kuichemsha ukapungua.

Lakini mambo haya yana upande wa pili, na mwenye insafu huutaja. Nyingi katika chumvi hizi ni nzito mithili ya asali, na baadhi yake huzidi uzito zikishaishika hewa, hata kuzizungusha mabombani ikawa kazi. Bei yake ni kubwa. Na baadhi ya zile za mwanzo, zikipatana na maji, huweza kutoa asidi kali ilayo hata kioo. Ziliitwa dawa safi kwa kuwa hazifuki. Kisha ikadhihirika kuwa baadhi yake huwadhuru viumbe vya majini, na zikimwagwa haziozi upesi. Mpaka leo mitambo mikubwa ya kunasa hewa ya ukaa hutumia amaini na njia nyinginezo, na chumvi hizi bado zaidi ni za maabara na majaribio. Ila tusidhani kuwa ni ndoto. Huko Malaysia dawa ya aina hii imekwisha kutumika kiwandani kuondoa zebaki katika gesi ya ardhini.

TANUU LA CHOKAA

Nilipokuwa mtoto nilishuhudia tanuu la chokaa likichomwa. Magogo yalipangwa duara, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu yake, na moto ukawashwa ukakesha. Kijana wangu alinifundisha jambo ambalo nimeishi miaka yote hii bila kulijua: ya kuwa lile jiwe likichomwa hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, na kinachobaki ndicho chokaa. Kisha fundi akishapaka ukuta, chokaa ile huinywa hewa ya ukaa kutoka angani kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka irudi kuwa jiwe. Kwa hiyo kuta za nyumba zetu kongwe na misikiti yetu zimekuwa zikinasa hewa hii siku zote, na wenyewe hatuna khabari.

Nilifurahi sana, nikasema, "Basi wazee wetu hawakudaiwa." Akatabasamu, akasema, "Maalim, jiwe lililipa deni lake. Kuni hazikulipa." Maana yake ni kuwa ule moshi wa magogo haukurudi ukutani, hurudi tu ikiwa miti mingine imepandwa mahali pa ile iliyokatwa. Nililiweka neno hilo, kwa kuwa ndani yake mna kanuni: mwenye kulipa sehemu ya deni asijihesabu kuwa ametoka deni lote.

SUALA LENYEWE

Sasa tulikabili suala. Je, kupatikana dawa ya kuondoa dhara kunampa mtu ruhusa ya kuendelea kulifanya dhara?

Katika sharia yetu upo mfano ulio karibu nalo. Mwenye kuapa kisha akavunja kiapo chake amefunguliwa njia ya kutoka: huwalisha masikini kumi, au huwavisha, na asiyeweza hufunga siku tatu. Hii ni rehema kwa mtu aliyeteleza. Sasa mchukulie mwenye duka tajiri ambaye huapa kila asubuhi na kuvunja kila jioni, huku amewapanga masikini kumi barazani na sufuria ya wali i tayari. Ukimuuliza, atakwambia, "Mimi sina deni, kaffara yangu nalipa." Hapana mwenye akili atakayekubali kuwa mtu huyu ameheshimu kiapo. Amekifanya kiapo kuwa bidhaa, na kaffara kuwa bei yake. Kaffara iliwekwa ili mtu arejee, naye ameifanya ndiyo njia ya kuendelea.

Na toba nayo twajua masharti yake, tumesomeshwa tangu udogoni: kuliacha lile kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Ikiwa kosa linagusa haki ya mwanadamu mwenzio, liko sharti la nne, nalo ni kumrejeshea haki yake. Tazama sasa dawa hii ya chumvi, hata ikikamilika kama wanavyotumai, yaweza kutimiza lipi katika haya manne? Yaweza kusaidia sehemu ya lile la nne, kwa kuondoa kilichotoka. Yale matatu ya kwanza hakuna chumvi iwezayo kuyafanya. Hayo hufanywa na watu.

Na hesabu yenyewe yatosha kututanabahisha. Kila mwaka wanadamu hutoa takriban tani bilioni 37 za hewa ya ukaa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mitambo yote ya kunasa hewa hiyo duniani, ukiijumlisha, uwezo wake ni kiasi cha tani milioni 50 tu kwa mwaka. Haifiki sehemu moja katika kila mia tano. Mtu ambaye mtumbwi wake umetoboka tundu la kuingiza ndoo mia tano, naye ana kata moja ya kutolea maji, haifai asifiwe kwa bidii yake ya kuteka mpaka kwanza azibe tundu.

WASEMAO KUWA DAWA NI UDANGANYIFU MTUPU

Lakini wapo wengine waliokwenda upande wa pili kabisa. Wao husema: madhali dawa hii huwapa wachafuzi udhuru, basi iachwe, na anayeitafuta ni mshirika wao. Kauli hii nayo siikubali, na nitaeleza sababu.

Kwanza, kuondoa dhara ni wajibu hata kama aliyelileta hajatubu. Najisi ikiingia msikitini huoshwa hapo hapo. Hatuiachi mpaka aliyeileta apatikane na aombe radhi. Hewa iliyokwisha kupanda angani itadumu huko kwa karne nyingi, na watakaodhurika ni watoto ambao hawajazaliwa.

Pili, ziko kazi ambazo hata mwenye nia njema hawezi kuzifanya bila kutoa hewa hii. Saruji ni mfano. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa itokayo katika kiwanda cha saruji haitoki katika moto. Hutoka katika jiwe lenyewe, vile vile kama katika lile tanuu letu. Hata ukiwasha tanuri kwa umeme wa jua, jiwe litaitoa hewa yake. Nasi twahitaji saruji: kwa hospitali, kwa madrasa, kwa visima. Hapo dawa ya kunasa ina mahali pake pa haki.

Tatu, ilimu haina dhambi kwa kuwa mwovu ameitumia. Kisu kilichochinja kwa bismillahi ndicho hicho hicho chaweza kumuua mtu, tunahukumu mkono.

Kwa hiyo makosa yote mawili tuyaepuke: kosa la anayesema dawa imemtosha, na kosa la anayesema dawa haifai kitu.

HEWA ILIYONASWA HUENDA WAPI?

Hapa ndipo lile neno la kijana pale mlangoni linapokuwa na uzito. Kunasa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kilichonaswa kinapelekwa wapi.

Norway ilianza kutoza kodi juu ya hewa ya ukaa mwaka 1991. Katika bahari yao uko uwanja wa gesi uitwao Sleipner, ambao gesi yake hutoka imechanganyika na hewa ya ukaa kiasi cha asilimia 9, na wanunuzi hawaikubali gesi ya namna hiyo mpaka ipunguzwe. Desturi ilikuwa kuitenga hewa ile na kuiachia angani. Kodi ilipokuja, kuiachia kukawa ghali kuliko kuizika. Tangu mwaka 1996 wakawa wanaizika katika mwamba wa mchanga ulio chini sana ya sakafu ya bahari, na kwa miaka mingi ilikuwa karibu tani milioni moja kila mwaka. Hewa ile ilizikwa, haikuuzwa. Tena tuangalie sababu: haikuwa huruma iliyowaamsha; ilikuwa sharia yenye meno. Lakini tusisahau kwamba gesi iliyosafishwa pale iliuzwa ikachomwa kwingine, na moshi wake ukapanda.

Pahala pengi pengine hewa iliyonaswa husukumwa katika visima vya mafuta vilivyozeeka, ili ikamue mafuta yaliyogoma kutoka. Ndivyo ilivyofanywa na hewa ya mtambo wa Boundary Dam, Canada, ulioanza kazi hiyo mwaka 2014. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtambo wa Petra Nova katika jimbo la Texas, ulioanza mwaka 2017. Mwaka 2020 bei ya mafuta ilipoanguka, kunasa pale kukasimamishwa, na hakukurejea mpaka mwaka 2023. Nalo hili ni funzo lililo wazi. Lau kusudi lilikuwa kuwaondolea watu dhara, dhara halikupungua siku ile bei ilipoanguka. Kilichopungua ni faida.

Wala tusijifiche tukasema haya ni ya watu wa Magharibi peke yao. Saudia ilianza kusukuma hewa ya ukaa katika visima vyake vya Uthmaniyah mwaka 2015, na Abu Dhabi mwaka 2016 ilianza kuinasa katika kiwanda cha chuma na kuipeleka kwenye mafuta. Na insafu hutaka tuseme pia kuwa sehemu ya hewa isukumwayo hubaki chini, na hilo ni bora kuliko kuiachia yote. Lakini mafuta yaliyotoka kwa msaada wake nayo huchomwa. Mwenye kutoa sadaka ya mkono wa kulia kwa pesa alizozichukua mfukoni mwa jirani kwa mkono wa kushoto, hesabu yake ataikuta ina mikono miwili.

NA SISI JE?

Mtu huenda akasema: Maalim, mambo haya ni ya wakubwa, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu. Si muda mrefu tangu Lamu ilipotakiwa kujengwa mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe. Watu wa Lamu, wavuvi wao na wazee wao, walikwenda mbele ya baraza la mazingira la nchi ya Kenya, na mwezi wa Juni 2019 baraza hilo likaifuta ruhusa ya mtambo ule. Na moja katika sababu ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hapo watu walizuia dhara kabla halijawa dhara, na kila mtu ajuaye misingi ya sharia anajua kuwa kulizuia dhara ni wepesi kuliko kuliondoa likishaingia. Hapana chumvi itakayotengenezwa iwezayo kushinda moshi ambao haukutoka.

Ama sisi wenyewe majumbani, hatufanani na wenye mitambo, na si haki mtu kutulinganisha nao. Anayepikia familia yake kwa makaa si sawa na anayechoma meli nzima ya makaa ya mawe. Lakini udogo wa kosa haulifanyi kuwa wema. Mikoko inakatwa, nayo ni miti inasayo hewa hii na kuifungia katika matope yake bila kudai mshahara. Anayekata mikoko kisha akawalaumu wa Texas, atengeneze kwanza nyumba yake, halafu maneno yake yatakuwa na nguvu.

JIBU LANGU LA PILI

Nilimwambia kijana wangu hivi: "Jibu langu la kwanza lilikuwa la haraka, nalirejea. Siwezi kukwambia kazi hii ni haramu, kwa kuwa elimu yake ina manufaa ya kweli. Na siwezi kukwambia nenda bila ya kuangalia. Waulize masuala matatu kabla hujatia sahihi. Hewa mtakayoinasa itazikwa, au itauzwa ili yatoke mafuta? Kazi hii imekusudiwa kupunguza uchomaji, au kuupa umri mrefu zaidi? Na dawa yenyewe, ikichoka, itamwagwa wapi?"

Akawaandikia. Suala la tatu walimjibu kwa urefu na kwa uzuri. La kwanza walijibu kuwa nyingi itakwenda visimani, na nyingine huenda ikazikwa siku za mbele. La pili walisema si suala la maabara.

Alinisomea jibu hilo barazani kwangu. Nikamwambia, "Mwanangu, mtu akikwambia suala la haki si la idara yake, jua kwamba amekwisha kulijibu." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Maalim, na paa la mama?"

Sikuwa na la kumjibu. Niliona haya nafsi yangu. Mimi nimekaa juu ya jamvi nikimtaka kijana achague haki, ilhali mama yake, jirani yangu wa miaka thelathini, hulala amekinga ndoo kila masika, nami nililijua hilo siku zote. Mwenye dhiki hachagui. Dhiki ndiyo humchagulia. Basi Ijumaa ile nikazungumza na jamaa wa msikitini, bila ya kutaja sababu, na katika wiki mbili mabati yakapatikana, na mafundi wawili wakajitolea. Paa lile sasa halivuji.

Ama kijana, bado anafikiri. Ana muda mpaka mwisho wa mwezi huu. Ipo nafasi nyingine, ya mshahara mdogo zaidi, katika chuo kinachochunguza namna ya kuinasa hewa ya viwanda vya saruji. Sikumwambia achague ipi. Nilimwambia tu kwamba sasa, atakapochagua, mvua haitakuwa ikimsemea.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuliacha dhara kabla ya kutafuta dawa yake, na awaongoze vijana wetu katika elimu yenye manufaa. Amin.